Usiache Mbachao: Mapambo ya Nyumba Yatokayo Mikononi Mwetu

Leo nabisha milangoni penu, ninyi wa Kamango na Nobili, ninyi wa Oicha, Beni na Butembo, si kwa kuomba maji ya kunywa, bali kwa kukitazama kiti mtakachonikaribishia. Msistaajabu. Kiti husema mengi juu ya mwenye nyumba, na mara nyingine husema mengi zaidi juu ya mfuko wake.

Nianze kwa kujicheka mwenyewe, maana afundishaye bila kukiri kosa lake hasikilizwi. Miaka kadhaa iliyopita nilipata fedha ya mavuno ya kakao, nikaona imefika siku yangu ya kuwa mtu miongoni mwa watu. Nikasafiri mpaka mjini, nikanunua viti vikubwa vya fahari, vyenye kitambaa cha kung'aa na maua ya rangi ya dhahabu. Mwuzaji akaniapia kwamba vimetoka ng'ambo na kwamba vitarithiwa na wajukuu wangu. Mke wangu aliuliza neno moja tu: "Ndani yake mna nini?" Nikamjibu kwamba ya ndani hayatuhusu, sisi tutaketi juu. Basi masika ya pili yalipofika, tukayajua ya ndani: vibao laini vya masanduku vilivyopigiliwa misumari miwili miwili, na sifongo lililokuwa likigeuka unga. Mgeni wa mwisho kuketi pale alikuwa shemeji yangu, naye aliinuka na mkono wa kiti mkononi mwake. Tukaurudia mkeka wa mama yangu, tuliokuwa tumeuficha nyuma ya mlango kwa haya. Mkeka ule ulikuwa umetumika miaka mingi, wala haujamwangusha mtu.

Siku ile nikaielewa methali ya watu wa pwani: Usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao ni mkeka mkuukuu wa nyumbani. Msala ni mkeka mzuri wa kusalia. Msala ule wapendeza kweli, lakini wapita na mwenyewe, nawe ukiisha kuutupa wako utalala chini.

Sikusudii kuwaambia watu warudi kulala juu ya majani. Kiti ni kizuri, pazia ni zuri, na meza yenye kitambaa safi ni heshima kwa jamaa na kwa mgeni. Neno langu la leo ni hili: uzuri wa nyumba zetu waweza kuanzia katika kazi ambazo mikono ya watu wetu inazijua tangu zamani, nazo zikatengenezwa upya zipate kufaa nyumba za sasa. Lakini haitoshi kuusifu ufundi huo kwa maneno. Lazima tuusome, tuuhesabu, na tuulipe.

Kisichoweza kuibwa

Watu wa Kamango hawana haja ya kufundishwa nami jinsi vyombo vya nyumba vinavyopotea. Tarehe 11 Julai 2013 waasi wa ADF walipoishambulia Kamango, watu wa Watalinga walikimbia kuelekea Uganda. Katika siku chache, zaidi ya watu 60,000 walivuka mpaka na kuingia wilaya ya Bundibugyo, na baadhi yao wakapokewa katika kambi ya muda ya Bubukwanga. Aliyekimbia alichukua mtoto, sufuria na mkeka kama angeweza. Hakuna aliyejitwika kabati.

Mfikirie basi mama aliyerudi baada ya mashaka ya namna ile, akaukuta mlango u wazi na chumba ni kitupu. Vilivyonunuliwa vimekwenda. Lakini kama mikono yake inajua kusuka, kufuma na kudarizi, hakurudi mtupu. Mafunjo bado yanaota penye maji, michikichi na ukindu bado iko, na ndani ya kichwa chake mna michoro ambayo hakuna mwizi aliyeweza kuibeba. Lakini mama huyo akifa bila kumfundisha binti yake, hapo ndipo mwizi mkubwa amepita, nasi hatukupiga hata yowe.

Mafundi walio jirani nasi

Tutazame kwanza mashariki, ng'ambo ya mto Lamia, katika nchi ya Uganda. Waganda hutengeneza nguo ya gome la mti uitwao mutuba, ulio jamaa ya mkuyu. Wakati wa mvua fundi huambua gome kwa uangalifu, kisha huuvika mti majani ya mgomba, kama mtu afungavyo kidonda, upate kuota gome jipya. Lile gome hulilainisha kwa moto au maji ya moto, halafu hulipigapiga chini ya kibanda kwa nyundo za mti zenye mifereji midogo, mpaka linyumbuke na kutanuka kama kitambaa. Likianikwa juani hupata rangi nyekundu ya udongo wa mfinyanzi. Mti mmoja hutoa gome miaka mingi bila kukatwa. Pamba iliyoletwa na misafara ya wafanya biashara katika karne ya 19 ilikaribia kuua kazi hiyo. Lakini mwaka 2005 shirika la UNESCO liliitangaza kuwa moja ya kazi bora za urithi wa wanadamu, na mwaka 2008 ikaandikwa katika orodha yake. Nguo hiyo huvaliwa katika kutawazwa kwa wafalme na katika mazishi. Tena watu huitumia kwa mapazia na matandiko. Kwa hiyo nguo ya gome kuwa pambo la nyumba si jambo geni.

Sasa tutazame magharibi, katika msitu wa Ituri. Wambuti nao wana nguo zao za magome. Kwa desturi wanaume hulipiga gome, na wanawake huchora. Wino wao ni maji ya tunda la gadenia yaliyochanganywa na makaa, na kalamu yao ni kidole au kijiti. Huchora mistari, nukta na wavu. Kisha ghafula mchoro hukatika, pakabaki mahali patupu, ndipo mchoro mwingine ukaanza. Wako majirani wanaowadharau Wambuti na kusema kwamba kazi yao ni ya porini. Ndugu yangu usemaye hivyo, ujue kwamba nguo zile zimehifadhiwa kwa heshima katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, na watu hulipa kiingilio ili wazitazame kwa nyuma ya kioo. Wewe unazipita njiani bure, na huzioni.

Mbali zaidi, katika nchi hii hii yetu ya Kongo, wako Wakuba wa Kasai. Huko wanaume hufuma kitambaa cha nyuzi za majani ya rafia katika kitanda cha mfumi, na wanawake hukidarizi. Uzi mwembamba hupitishwa kwa sindano chini ya nyuzi za kitambaa, kisha hukatwa kwa kisu, ukabaki umesimama kama manyoya laini. Ndiyo maana Wazungu huviita vitambaa hivyo mahameli ya Kasai. Mwanamke hachori kwanza juu ya kitambaa. Mchoro hutoka katika kumbukumbu yake. Mwaka 1892 Mmarekani mweusi, William Sheppard, mmisionari wa Kipresbiteri, alifika katika mji wa mfalme wa Wakuba. Vitu alivyokusanya vinatunzwa mpaka leo katika chuo cha Hampton, jimbo la Virginia. Naye mchoraji Mfaransa Henri Matisse, mtu wa sifa kubwa duniani, alitundika vitambaa vya Wakuba katika ukuta wa chumba chake cha kazi ili akili yake ipate mafundisho. Matisse alikuwa akijifunza kutoka kwa mama wa Kasai, na sisi twanunua picha za maua ya plastiki!

Kuiga si aibu, kuiga bila akili ndiyo aibu

Mtu ataniuliza: "Je, kila kigeni ni kibaya?" Hasha. Husimuliwa kwamba katika miaka ya 1920 wamisionari walimwonyesha mfalme wa Wakuba pikipiki. Mashine yenyewe haikumgusa sana. Lakini alipoona alama ambazo magurudumu yameziacha katika mchanga, alipendezwa mno, akaamuru mchoro ule unakiliwe, nao ukaitwa kwa jina lake. Hiyo ndiyo akili ya fundi. Aliacha kilichokuwa cha kupita, akachukua kilichomfaa, akakifanya chake.

Hata kitenge tunachokipenda kina historia ya namna hiyo. Waholanzi waliiga kwa mashine kazi ya batiki ya kisiwa cha Java. Kampuni ya Vlisco ya mji wa Helmond ilianzishwa mwaka 1846, na baadaye nguo hizo zikapata wanunuzi wengi katika Afrika. Mama zetu wakaipa michoro ile majina yao wenyewe, wakaivaa kwa namna yao, mpaka leo hakuna anayeiona kuwa ya Java wala ya Uholanzi.

Basi tazama vitambaa vyeupe tunavyotandika juu ya viti vyetu. Wakati wa Wabelgiji wanawake wengi walifundishwa kushona na kudarizi katika foyer social na katika shule za masista, na mpaka leo wasichana husomea ushonaji. Ni kazi njema sana. Lakini mara nyingi sindano hiyo huchora ndege wasioruka katika msitu wetu na maua yasiyoota katika bustani zetu. Sindano haina kosa. Tuipe mchoro mwingine.

Namna ya kuusoma mkeka

Hapa nawaita hasa wanafunzi, maana kazi hii yataka daftari la hesabu lenye miraba. Chukua mkeka au kitunga kilichosukwa na mama mzee wa jamaa yako. Tafuta mahali mchoro unapoanza, ufuate mpaka pale unapojirudia. Utaona kwamba ukanda mmoja hupita juu ya kanda mbili, kisha chini ya mbili, na katika mstari unaofuata husogea hatua moja; ndivyo mistari ya mshazari inavyozaliwa. Kila ukanda unaoonekana juu, paka mraba mmoja rangi nyeusi katika daftari. Kila unaozama chini, acha mraba mweupe. Ukimaliza, umeandika kazi ya mama mzee kwa herufi ambazo fundi mwingine anaweza kuzisoma.

Sasa mraba mmoja wa daftari uwe mshono mmoja wa msalaba katika kitambaa. Kwa ajili hiyo chagua kitambaa ambacho nyuzi zake zaweza kuhesabika. Gunia la juti lililokwisha kazi lafaa sana, likichemshwa, likafuliwa vizuri na kuanikwa juani. Tuseme mchoro wako una miraba 16 kwa upana, na kila mshono ni nusu sentimita. Mchoro mmoja utachukua sentimita 8. Kwa hiyo mto wa kiti wenye sentimita 40 utapata michoro 5 kamili, bila kukatwa. Kata kitambaa cha sentimita 44, ili zibaki 2 kila upande za kupindia. Ukikosa kuhesabu kwanza, utafika pembeni na nusu ya mchoro, na kila atakayeketi ataiona.

Sebule isiyopiga kelele

Nyumba nyingi huharibika si kwa ukosefu wa mapambo, bali kwa wingi wake. Shika kanuni tatu.

Ya kwanza ni rangi. Chagua tatu, zisizidi. Kwetu zipo tayari: rangi ya kikindu kikavu, nyeusi ya makaa, na nyekundu ya udongo au ya nguo ya gome. Kama una kitenge chenye michoro mikubwa kwa pazia, basi mito ya viti iwe ya rangi moja, yenye ukanda mwembamba tu wa kudarizi. Michoro miwili mikubwa katika chumba kimoja ni kama wahubiri wawili katika mimbari moja.

Ya pili ni kukiweka kila kitu pale nguvu yake inapofaa. Seremala akufanyie kiti cha mbao imara, hata za mikaratusi iliyokaushwa vema, na kiungo cha mbao kiingie ndani ya kingine badala ya kutegemea misumari. Mahali pa kukalia pasukwe kwa henzirani au kwa kamba ngumu, kisha mto ujazwe sufi. Kitu cha namna hii kikikatika, chatengenezwa hapa hapa. Nguo ya gome, kwa upande wake, haipendi kufuliwa wala kusuguliwa. Usiitandike pale watoto wanapoteleza. Itundike ukutani, au uishone kama ukanda katika pindo la pazia, na mara kwa mara uipunge juani, wadudu wasifanye makao humo.

Ya tatu ni usalama. Kikapu kilichogeuzwa juu chini ni kifuniko kizuri cha taa, nacho hutawanya nuru ukutani kama nyota. Lakini kifunike balbu ya umeme wa jua peke yake. Kamwe usikiweke juu ya kibatari wala mshumaa, usije ukaipamba nyumba kwa moto.

Naongeza onyo moja la adabu. Kabla ya kutumia kitu cha wazee, waulize wazee. Nguo ya gome kwa watu wengine ni sanda ya maiti. Huenda mgeni wako akashtuka kuona umetandika juu ya kiti kitu alichomzikia baba yake. Kuuliza si utumwa. Ni heshima, na mara nyingi ukiuliza utapewa hadithi ambayo yazidi mchoro wenyewe kwa thamani.

Mshahara wa fundi

Nimeliweka mwisho lililo zito kuliko yote. Twapenda kusema, "Mila zetu, urithi wetu." Kisha twaufikia mkeka sokoni na kubishana na mama mzee mpaka anautoa kwa bei ya sabuni. Yule yule aliyelipa fedha nyingi kwa viti vya sifongo bovu, bila kufungua kinywa, sasa ana ulimi mrefu mbele ya mjane. Nami nilikuwa mtu huyo, sijifichi.

Ipo hesabu nyepesi ya haki. Muulize fundi ametumia siku ngapi, pamoja na siku za kwenda kukata ukindu, kuuanika na kuutia rangi. Kisha umhesabie siku hizo kwa ujira ule ule unaomlipa kibarua wa shamba lako la kakao. Kama mkeka umechukua siku sita, lipa siku sita. Ukiona bei imekuwa kubwa, ujue kwamba mpaka sasa ulikuwa ukipewa sadaka na maskini bila kutambua. Vivyo hivyo kwa mama wa Kimbuti aliyekuchorea nguo ya gome: kumlipa kipande cha chumvi na dhihaka ni kumwibia mara mbili.

Na ninyi wasichana mnaojua kudarizi, mkiuza mito yenye mchoro wa mama mzee fulani wa kijijini, mtajeni jina lake mbele ya mnunuzi, na sehemu ya faida imfikie. Mchoro una mama, kama mtoto alivyo na mama. Binti akiona kwamba kazi ya bibi yake inaleta fedha na jina jema, atakaa chini kando yake ajifunze. Akiona inaleta dharau, atainuka na kwenda zake, wala mahubiri yangu hayatamrudisha.

Basi wiki hii nawapa kazi. Jumapili, baada ya chakula, mwite mtoto wako mwenye daftari la miraba, mwende kwa mzee mmoja ajuaye kusuka. Chukueni zawadi kidogo. Mwombeni awaonyeshe mchoro mmoja na jina lake. Mtoto auhesabu na kuuandika, na chini yake aandike jina la fundi, kijiji na tarehe. Mchoro mmoja tu. Katika mwaka, nyumba inayofanya hivyo kila mwezi itakuwa na 12.

Nami nikipita tena kwenu, sitatazama kama viti vinang'aa. Nitageuza mto mmoja, nitazame upande wa ndani jinsi ulivyoshonwa, kisha nitauliza, "Nani alikufundisheni?" Mkinitajia jina, nitaketi kwa raha. Kwa herini.